Seli za Saratani Zikikufa Nyingi, Usishangilie Bado: Rada Ndio Hii

Cheki hii. Mathe ama siz wako amepata uvimbe kwa titi, ameenda hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile wasee wa kitambo bado wanaita PGH, na akatolewa kipande kipimwe. Ripoti inarudi ikitaja seli zilizokufa. Wewe unasema, "Si hiyo ni poa? Saratani inakufa!" Pole pole, mtu wangu.

Mwili huua seli zake kila siku. Seli ikizeeka ama ikiharibika, inajizima, inajikata vipande vidogo na majirani wanavimeza. Hakuna fujo. Mwaka 1972 watafiti watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliipa hiyo kitu jina apoptosisi, neno la Kigiriki la majani kuanguka mtini. Saratani nayo ni seli zimegoma kufuata hiyo sheria.

Sasa hapa ndio noma. Kwa saratani ya titi, tafiti kadhaa zilipata kwamba uvimbe wenye seli nyingi zinazojizima mara nyingi ndio ule mkali. Inawezekanaje? Fikiria kibanda cha chipo pale mtaani. Ukiona maganda ya viazi yamejaa nje, hausemi viazi vimeisha. Unajua biashara inasonga. Vivyo hivyo, seli nyingi zikifa, kuna nyingi zaidi zinazaliwa.

Kuna kifo kingine pia, nekrosisi. Uvimbe unakua haraka mpaka damu haifiki katikati, seli za huko zinakufa njaa. Hiyo pia mara nyingi ni dalili ya uvimbe wenye haraka.

Kuna siku moja tu kifo cha seli ni habari tamu kabisa: mgonjwa amepewa kemo kabla ya upasuaji, halafu daktari akiangalia kwa darubini, hapati seli hai ya saratani. Hapo matumaini yanapanda sana.

Lakini usihukumu maisha ya mtu na mstari mmoja wa ripoti. Daktari huangalia ukubwa wa uvimbe, kama umefika tezi za kwapa, ukali wa seli, vipokezi vya homoni, HER2, na wakati mwingine Ki-67, inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika. Hizo ndizo zinaamua dawa.

Mwaka 2020, makadirio ya kimataifa yaliweka wagonjwa wapya wa saratani ya titi Kenya karibu 6,800, na wengi wetu hufika hospitali kama imeshasambaa. So, kama uko Njoro, Molo, Gilgil ama Naivasha na umeshika kivimbe, usingoje kiume. Vingi si saratani, lakini kupimwa ndio njia ya kujua. Na ripoti ikitoka, itisha nakala yako na umuulize daktari: ni aina gani, iko hatua gani, na vipokezi vinasema nini?