Sukari Ikishuka, Sukari Ikipanda: Tumsaidieje Mwenzetu?

Siku moja tukichimba mitaro kwa shamba la kikundi, mwenzetu alianza kuyumbayumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Jasho lilimtiririka, na ilikuwa asubuhi ya baridi. Baadhi yetu tulicheka, tukasema amelewa mapema. Kumbe alikuwa amejidunga dawa ya kisukari alfajiri akaja kazini bila kula. Bintiye alifika na chai yenye sukari, akamnywesha, akapata nafuu. Bila yeye tungempoteza huku tunacheka.

Kisukari ni nini?
Ugali, viazi au wali tukila hugeuka sukari, nayo huingia katika damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo hufungua njia sukari itoke kwa damu iupe mwili nguvu. Insulini ikikosekana, au isipofanya kazi vizuri, sukari hujaa kwa damu. Kwa hivyo wagonjwa wengine hudungwa insulini na wengine humeza tembe. Hatari za ghafula ni mbili.

1. Sukari ikishuka (chini ya 4 kwa mashine)
Huja haraka. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, husikia njaa, moyo humpiga mbio, hukasirika ovyo au huchanganyikiwa. Sababu ni kama kutumia dawa bila kula, kazi ngumu, au pombe.

Fanya hivi:
- Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwa maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida.
- Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia.
- Akipata nafuu, ale chakula.
- Akizimia, usimtie kitu mdomoni, atakabwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

2. Sukari ikipanda sana
Hii mara nyingi huja polepole. Mgonjwa huwa na kiu isiyoisha, hukojoa kila mara na kukonda. Baadaye hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na haraka, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva mno. Mtoto akiwa hivi, watu husema ni malaria au amerogwa. Jamani, apimwe sukari! Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye kudungwa insulini asiiache kabisa eti kwa sababu hali chakula. Kosa hilo huua.

Na kama hatujui ni ipi?
Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe sukari. Ikiwa imeshuka, utamwokoa. Ikiwa imepanda, hicho kidogo hakitamdhuru sana. Kisha mpelekeni hospitali.

Kikundi chenu kifanye nini?
- Wenye kisukari wawaambie wenzao bila aibu.
- Wekeni sukari kidogo pale mnapofanyia kazi.
- Jueni mapema ni nani mwenye gari au pikipiki.
- Insulini isiachwe juani. Pasipo friji, iwekwe kwa chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye maji, mahali penye kivuli.
- Mwenye kutumia dawa asifunge kula kabla ya kuongea na daktari.

Jadilianeni: Katika kikundi chetu, ni nani angejua la kufanya leo? Tusingoje mtu aanguke ndipo tuulizane.