Kuku asilale na mtoto. Basi alale wapi?

Mama mmoja mkazi wa Lodwar alimleta mtoto wake wa miezi 14 kwangu mara tatu katika muda wa miezi miwili, na kila mara ugonjwa ulikuwa ule ule wa kuharisha. Mara mbili za kwanza nilifanya yale ambayo daktari yeyote hufanya. Nilimpima mtoto, nikampa mama dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki, kisha nikauliza maji wanayateka wapi na choo wanatumia kipi. Majibu yalikuwa mazuri. Maji ni ya mfereji na huchemshwa, na choo kipo.

Mara ya tatu mtoto alikuwa amepungua uzito. Ndipo nilipouliza swali ambalo lilifaa kuulizwa siku ya kwanza: nyumbani mna mifugo gani?

"Ni kuku tu, daktari. Wanane."

Na wanalala wapi?

"Chini ya kitanda."

Nilimwambia awatoe siku hiyo hiyo, naye akaitikia. Wiki tatu baadaye alirudi na mtoto, akaniambia bila hasira, "Uliniambia niwatoe, nikawatoa. Asubuhi ya pili nilikuta manyoya." Kuku watano walikuwa wameliwa usiku, na wale watatu waliosalia walikuwa wamerudishwa chini ya kitanda. Mayai yao ndiyo yanayonunua sabuni na madaftari ya mkubwa wake. Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku hiyo simwambii mtu yeyote atoe kuku nyumbani kabla ya kumwonyesha pa kuwaweka.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Kuku mwenye afya njema, anayekula na kutaga vizuri, aweza kuwa na vijidudu vya kampilobakta na salmonela tumboni bila ya kuonyesha dalili yoyote. Vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, na kinyesi hubaki sakafuni, mahali ambapo mtoto anayetambaa hushinda kutwa. Nchini Zimbabwe watafiti waliketi na kuwatazama watoto wachanga vijijini kwa saa nyingi, na katika ripoti yao ya mwaka wa 2013 walieleza kwamba baadhi ya watoto hao waliokota kinyesi cha kuku na kukitia kinywani. Mama yeyote aliyelea mtoto wa umri huo hatashangaa.

Utafiti uliotolewa mwaka wa 2016 kuhusu watoto wa mashambani nchini Ethiopia ulileta jambo la kutafakari zaidi. Kwa jumla, watoto wa nyumba zenye kuku walikuwa na kimo kizuri zaidi kuliko wale wa nyumba zisizo na kuku. Lakini pale ambapo kuku walilazwa usiku ndani ya nyumba ya watu, mambo yaligeuka: watoto walikuwa wafupi kuliko inavyotazamiwa kwa umri wao. Wataalamu wengi wanaamini kwamba utumbo unaoshambuliwa na vijidudu kila siku, hata kama mtoto haharishi, hushindwa kufyonza chakula sawasawa. Kwa hiyo asimwambie mtu mama huyu auze kuku wake. Tatizo liko katika mahali wanapolala.

Lakini Lodwar si Kiambu. Mji huu uko kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 35 au kuzidi karibu mwaka mzima. Kuku hana jasho. Hujipoza kwa kutweta mdomo wazi, kwa kutanua mabawa, na kwa kupitisha damu katika kishungi chake chekundu. Mwili wake wenyewe una joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo hewa ikikaribia hapo hana tena pa kulitupa joto lake.

Somo hili nililipata kwa gharama. Wako kuku wa mayai ambao mashamba ya sehemu za baridi huwauza wakifikisha mwaka mmoja na nusu hivi, kwa kuwa utagaji wao umepungua na chakula chao ni ghali. Huko Uingereza kuna shirika lililoanzishwa mwaka wa 2005 kwa ajili ya kuwatafutia kuku wa namna hiyo watu wa kuwafuga badala ya kuchinjwa. Huku kwetu hakuna shirika, kuna lori tu. Niliwaona kwenye lori lililotoka Kitale, manyoya yamekatika shingoni na mdomo umekatwa ncha, nikawahurumia nikanunua sita. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi na usiku wake ni wa blanketi. Niliwaweka katika kibanda cha mabati kilichokuwa uani, nikaenda kazini. Saa tisa alasiri nilipigiwa simu kwamba wawili wamekufa. Maji yalikuwamo, lakini yalikuwa ya moto kama ya kuoga.

Kibanda nilichojenga baadaye, ambacho ndicho niliompelekea mama yule fundi akamjengee, hakina bati hata moja. Nguzo ni za mathenge, mti ambao kila mtu Turkana anaulalamikia na ambao haugharimu kitu ila miiba mikononi. Paa ni makuti ya mkoma, mazito, yenye kuning'inia chini hadi yakatia kivuli ubavuni. Sakafu ni fito zilizoinuliwa mita moja kutoka ardhini, zikiachiana nafasi ya kidole ili kinyesi kidondoke chini badala ya kukaa miguuni mwa kuku. Kuta ni wavu wa waya wa matundu madogo, kwani paka mwitu hupitisha mkono katika tundu kubwa, na mlango una kufuli kwa ajili ya wezi wa miguu miwili. Miguu ya kibanda nimeisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu ili kuzuia mchwa na siafu. Makopo hayo yazungushiwe miiba, mtoto asiyafikie.

Jambo la upepo lisisahauliwe. Upepo wa Turkana hutoka kusini mashariki, ni ule ule unaozungusha mitambo ya umeme kule ng'ambo ya ziwa upande wa Loiyangalani. Ukielekeza urefu wa kibanda mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni litapiga zile pande fupi tu, na upepo utapita katikati ya zile ndefu. Weka kuku watatu kwa kila mita mraba, si zaidi. Kwa kuku wanane kibanda cha mita moja na nusu kwa mbili chatosha, kwa maana mchana watakuwa nje wakichakura.

Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini magharibi, mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya nafasi. Kambi ile ilianzishwa mwaka wa 1992 na nyua zake zimesongamana, nyumba nyingi ni za udongo na mabati, na ukuta wa jirani uko karibu. Huko nashauri kibanda kiegemezwe ukuta wa nje ulio na kivuli alasiri, mbali na jiko na mbali na mlango wa chumba cha mtoto. Na kiinuliwe kweli kweli. Mto Tarach hukaa mkavu miezi mingi, kisha hufurika usiku mmoja, na kuku walio chini huwa wa kwanza kuondoka.

Maji ndiyo hesabu inayoumiza. Kuku mmoja katika joto hili aweza kunywa nusu lita kwa siku, kwa hiyo kuku wanane watamaliza lita nne, yaani moja ya tano ya jerikeni. Kwa familia inayopanga foleni kwenye bomba, hilo si jambo dogo, na asiyeweza kuyapata afuge wawili au watatu tu. Maji yawekwe katika chungu cha udongo kivulini, yabadilishwe adhuhuri. Chakula kitolewe alfajiri na jioni, maana tumbo likisaga chakula saa za jua huongeza joto mwilini. Kuku wa lori apewe pia maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, kwa sababu kutaga kumemaliza mifupa yake, na atengwe na wa kienyeji kwa wiki mbili asije akawaletea maradhi.

Ugonjwa utakaowamaliza wote kwa wiki moja ni kideri. Kuna chanjo ya tone moja jichoni, na ipo aina inayovumilia joto, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi minne. Muulize afisa wa mifugo. Mwenye kuchanja anawe mikono kabla ya kugusa macho yake, kwani virusi hivyo huweza kuyafanya mekundu kwa siku chache. Kuku wakifa wengi kwa ghafla wasichinjwe wala wasiliwe. Wazikwe, na afisa huyo aarifiwe.

Nimewaona pia watu wakiwapa kuku vidonge nilivyoandikia watoto wao. Tafadhali msifanye hivyo. Na dawa ya kuku inayonunuliwa dukani ina siku zilizoandikwa kwenye pakiti ambazo mayai hayafai kuliwa. Siku hizo zifuatwe, hata kama mayai yanapendeza.

Kinyesi kilicho chini ya kibanda kinyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa ili vumbi lisiingie kifuani, kisha kifukiwe shimoni. Mayai yaokotwe asubuhi na alasiri, yasikae juani, na ya mtoto yachemshwe mpaka kiini kigande. Kwa kunawa, kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na kibanda, na kipande cha sabuni kwenye kamba, hutumia maji kidogo sana.

Mama yule sasa ana kuku sita. Mtoto ameharisha mara moja tangu kibanda kisimame, siku mbili, na hakuhitaji kuja kwangu. Juzi tulipokutana sokoni aliniuliza iwapo kibanda kinaweza kuongezwa upande mmoja, kwa kuwa jirani yake naye ana kuku wanne chini ya kitanda.