Jino Halisubiri Korona Iishe

Malaria unapimwa barakoa ikiwa usoni. Sindano unachomwa nayo, kidonda unafungwa nayo, dawa unapokea nayo dirishani. Kwa daktari wa meno lazima uivue, ufungue mdomo, na mtu akuinamie karibu kabisa na pumzi yako.

Ndiyo maana korona ilipoingia, kiti cha meno kiliogopwa kuliko vitanda vingi vya hospitali. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 16, 2020, kule Arusha. Mapema Mei takwimu zikaishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya. Watu wakabaki na walichosikia kwenye daladala. Kwa mkazi wa Buzuruga, jijini Mwanza, mwenye jino lililotoboka, karafuu, maji ya chumvi na vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa vilionekana salama kuliko benchi la kusubiria.

Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mashine ya kuchonga jino huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na bila maji ya kuipoza ingeliunguza jino. Maji hayo yakigonga ncha inayozunguka hupasuka kuwa ukungu uliochanganyika na mate na damu. Matone mazito huanguka kifuani pa mgonjwa. Yale madogo mno huelea hewani, na chumba kikikosa madirisha hubaki humo kumsubiri anayefuata. Uingereza ilisimamisha huduma za kawaida za meno kuanzia Machi hadi Juni 8, 2020.

Lakini ukungu hutoka kwenye mashine. Kung'oa jino kwa ganzi na koleo, kazi kubwa ya kliniki zetu nyingi za umma, hakuurushi namna hiyo. Tena ipo njia ya kuziba jino bila mashine kabisa, na ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken. Walitafuta tiba ya vijiji visivyo na umeme. Daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, anakausha kwa pamba, anakoroga poda na majimaji yake mpaka iwe uji mzito, anaujaza kwenye tundu, kisha anaukandamiza kwa kidole chenye glovu iliyopakwa mafuta ya mgando. Basi. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mwaka 1994, na Agosti 2020 likashauri tena tiba za namna hiyo, safari hii kwa sababu hazirushi ukungu. Kilichobuniwa kwa kukosa umeme kikawa kinga dhidi ya virusi, na sisi wenyewe hatukujisifu vya kutosha.

Njia hiyo ina sharti moja: tundu liwe bado dogo. Kiini cha jino, chenye mshipa wa fahamu na damu, kimefungwa ndani ya kuta ngumu. Kikivimba hakina pa kutanukia, ndiyo maana maumivu ya usiku hayavumiliki. Baada ya siku kadhaa kiini kinaweza kufa na maumivu yakatulia. Mgonjwa anashukuru karafuu. Kumbe bakteria wameshateremka kwenye mzizi, wanatunga usaha mfupani. Aliyeahirisha kuzibwa kwa kuogopa ukungu anarudi kung'olewa.

Mwaka 2023 virusi vya Marburg vilizuka Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria, na swali likarudi: niende au nisiende? Kama ni kusafisha meno tu, ahirisha. Tundu dogo, uliza Kituo cha Afya Buzuruga kama wanaziba kwa mkono. Ila uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ulimi ukanyanyuka, mate yakawa hayamezeki, maambukizi yanaelekea kuziba njia ya hewa. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke: tafuta gari, nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando usiku huo huo.