Pampu ya Maji ya Hilux Kuukuu

Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ile ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za mchemraba 2,366, imebeba mkaa, mahindi, samaki, maharusi na mara nyingine hata majeneza katika nchi zetu kwa muda mrefu, hata wengi wa waiendeshao leo hawakuwa wamezaliwa ilipotoka kiwandani. Injini hiyo ni stahimilivu, na sifa yake haikutiwa chumvi. Lakini ustahimilivu huo una sharti moja, nalo ni kwamba maji yazunguke ndani yake bila kukoma, na kiungo kinachoyazungusha ni pampu ndogo iliyofungwa mbele, juu ya kava la cheni, ikiendeshwa na mkanda unaotoka katika puli ya chini. Pampu hii ikianza kuvuja, mwenye gari aghalabu hukimbilia duka la spea, akanunua nyingine, akaifungisha, na baada ya miezi michache akarudi dukani na shida ileile huku akimlaani aliyeitengeneza. Rai yangu ni kwamba pampu nyingi haziuawi na umri wao bali na maji zinayoyasukuma na mkanda unaozivuta, na fundi abadilishaye pampu pasipo kuyachunguza hayo mawili amefanya nusu ya kazi akapokea ujira wote.

Ndani ya pampu mna shafti moja, iliyoshikiliwa kwa beringi upande wa nje, ambako hufungwa puli na feni, na upande wa ndani ikachukua gurudumu la mapanga lisukumalo maji. Baina ya beringi na maji pana sili, na sili ndiyo roho ya chombo kizima: ni nyuso mbili ngumu, moja aghalabu ya kaboni na nyingine ya kauri, zilizosuguliwa hata zikawa laini mno, zikabanwa kwa springi ndogo zipate kuteleza moja juu ya nyingine, huku utando mwembamba wa maji yaleyale yanayozuiwa ukizilainisha. Basi maji yakiwa na kutu, mchanga au chembe za chokaa, nyuso hizo huchimbika kidogo kidogo. Na yakipungua hata pampu ikazunguka kavu, huungua kwa muda mfupi sana. Waliosanifu pampu walijua kwamba sili haina umri wa milele, wakaacha kitundu chini ya shafti, baina ya sili na beringi, ili maji yaliyopenya yatoke nje yaonekane, yasije yakaingia katika beringi na kuiosha grisi yake. Wako mafundi wanaokiziba kitundu hicho kwa gundi, na gari likatulia kwa siku kadhaa, mpaka beringi inapoanza kulia. Ikivunjika njiani, feni husogea mbele na kuikata rejeta, na gharama ya sili moja ikawa gharama ya rejeta, feni na pampu kwa pamoja.

Kabla ya kushika spana, na ithibitike kwamba kinachovuja ni pampu wala si kingine. Feni ina tabia ya kuyarusha maji huku na huku, na tone linaloanguka chini ya puli huenda asili yake ni mpira wa juu wa rejeta wenye klipu iliyolegea. Wakati mwema wa kutazama ni asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, kwa kuwa pampu nyingine huvuja zikiwa baridi na hunyamaza vyuma na mpira vinapopata moto na kutanuka. Chukua kurunzi na kioo kidogo, uangalie chini ya shafti: mchirizi mweupe, au wenye rangi ya kulanti, uliokaukia chini ya kitundu na kuteremka juu ya kava, ni ushahidi wa kutosha. Alama ndogo tu, kavu, isiyoongezeka, si hukumu, maana hata sili nzima hupitisha unyevu kidogo. Kisha, injini ikiwa imezimwa, shika mapanga ya feni kwa mikono miwili uyatikise mbele na nyuma. Shafti ikicheza, beringi imekwisha, na hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Katika 22R liko jambo jingine ambalo mwenye gari hana budi kulijua. Cheni ya injini hii, katika zile zilizotoka kuanzia mwaka 1983 hivi, ni ya mstari mmoja, nayo huongozwa na vibao vilivyofunikwa plastiki. Na plastiki ikizeeka hukatika, cheni ikalegea na kuanza kuupiga ukuta wa kava kutoka ndani. Kava ni la aluminiamu, na nyuma ya ukuta huo hupita njia ya maji iendayo kwenye pampu. Cheni ikipata muda wa kutosha huutoboa ukuta, maji yakamwagikia katika mafuta, na dereva akaona maji yanapungua kila siku asione tone chini ya gari. Akichomoa kijiti cha kupimia oili akakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, au akisikia kelele ya cheni kila awashapo injini baridi, asinunue pampu kwanza. Afungue kava la cheni, kwa sababu pampu mpya juu ya kava lililotoboka ni fedha iliyotupwa, na kuendesha injini ambayo oili yake imechanganyika na maji ni kuziua beringi za krankishafti.

Ikithibitika kuwa ni pampu, kazi yenyewe haina kitisho. Isianzwe injini ikiwa moto. Kifuniko cha rejeta cha gari hili huyaweka maji chini ya mgandamizo wa takriban baa 0.9, na kwa ajili hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi pasipo kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, mgandamizo huondoka mara moja, maji yakageuka mvuke na kumlipukia mfunguaji usoni. Nitaongeza hapa jambo ambalo madereva wa Mombasa na Nairobi wanalijua kwa macho, wala wengi hawalijui kwa sababu: Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 95, na thamostati ya 22R hufunguka kwa nyuzi 88. Gari ambalo springi ya kifuniko chake imechoka laweza kuzunguka mjini Mombasa kwa salama, kisha likapandisha kuelekea bara na kuchemka, na pampu ikashutumiwa kwa kosa la kifuniko cha bei ndogo. Kifuniko kipya na kinunuliwe pamoja na pampu.

Maji yakiisha kutolewa kwa koki ya chini ya rejeta, yakingwe katika beseni, wala yasimwagwe uwanjani, kwani kulanti ina utamu unaovuta wanyama na sumu inayowaua. Zilegezwe nati nne za feni kabla ya kuulegeza mkanda, ili mkanda uizuie puli isizunguke. Kisha oltaneta ilegezwe, mkanda utoke, na feni itoke pamoja na klachi yake, ikasimamishwa wima pembeni, kwa sababu ndani ya klachi mna mafuta mazito ya silikoni yanayoweza kuvuja ikilazwa. Ndipo zinapokuja bolti za pampu, na hapa pana mtego, maana hazilingani urefu. Fundi hodari huchukua kipande cha boksi, akachora juu yake umbo la pampu kwa kalamu, akatoboa matundu mahali pa kila bolti, na kila bolti itokapo huichomeka katika tundu lake. Bolti ndefu ikiingizwa penye tundu fupi hufika mwisho kabla ya kubana, fundi akadhani imekaza, na pampu mpya ikavuja siku ya kwanza. Zile zilizoshikana na aluminiamu kwa kutu zisivunjwe kwa nguvu. Zipakwe mafuta ya kupenyeza, ziachwe zinywe, zirudishwe mbele na nyuma kidogo kidogo.

Kukwangua gasketi kuukuu ndiko kunakopambanua fundi na mwenye haraka. Uso wa kava ni laini, na patasi au bisibisi huuchora michirizi isiyoonekana na macho lakini inayoonekana na maji. Kibao cha mti mgumu au plastiki chatosha, pamoja na subira. Silikoni, kama lazima itumike, iwe utando tu, kwani ile inayopakwa kwa wingi hujibana ndani, hukatika, na kusafiri mpaka katika mirija ya rejeta. Bolti za milimita 8, zile zenye kichwa cha spana namba 12, zikazwe kwa mkabala, kwa duru mbili au tatu, na ikiwa ipo spana ya kupimia nguvu, Nyutoni-mita 20 hivi zinatosha. Mkanda nao ubonyezwe katikati kwa kidole gumba: uiname kama sentimita moja. Mkanda uliokazwa hata ukalia kama uzi wa gambusi huivuta beringi upande mmoja usiku na mchana.

Sasa maji. Pwani, kisima kina chokaa na mara nyingi chumvi, na chumvi ni adui wa aluminiamu. Bara, maji ya mto huja na udongo. Watu husema kulanti ni ya nchi za theluji. Hawajui kwamba kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kuchelewesha mchemko, na kwamba uji wa rangi ya matofali unaotoka katika rejeta nyingi ndio ulioikwangua sili. Basi mfumo usafishwe kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha ujazwe kulanti na maji yaliyotoneshwa kwa nusu kwa nusu. Na thamostati irudishwe mahali pake. Desturi ya kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto siikubali hata kidogo: injini isiyopata joto lake hunywa petroli zaidi, huchafua oili na hukwangua silinda, na ikichemka bila thamostati ilikuwa ikichemka kwa sababu nyingine.

Mfumo huu huchukua lita 8 na zaidi kidogo, na fundi apime anachotia. Kama ni lita 6 tu zimeingia, zilizobaki ni hewa. Gari lielekezwe pua juu, hita ifunguliwe upande wa moto, maji yatiwe polepole, na injini ingurume kwa mwendo wa chini mpaka mpira wa juu uwe moto, alama ya kwamba thamostati imefunguka. Maji yatashuka ghafla, yaongezwe, kifuniko kifungwe. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, atazame kitundu kwa kurunzi. Sili mpya huweza kutoa machozi kidogo saa zake za mwanzo, mpaka nyuso zizoeane. Ikiendelea baada ya safari ya kwanza ndefu, pampu ifunguliwe na irudishwe dukani pamoja na risiti yake.