Mazembe i-, wa- au tu-? Sarufi ya shabiki msimu unapoanza

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane, mji wa Lubumbashi unaanza kusema kwa wakati ujao. Ligi ya taifa haijaanza, kalenda yake inatolewa leo na kubadilishwa kesho, na hakuna aliyeiona timu mpya ikicheza dakika 90. Hata hivyo, kwenye parking ya taksi, sokoni na hapa kwenye baraza za kitivo chetu, utasikia maneno haya: "Huu mwaka shiye tuko na équipe. Tutabapiga." Mimi ni mmoja wa wanaosema hivyo. Naishabikia TP Mazembe tangu utoto, na miezi hii ya mwanzo wa msimu ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Katika makala haya nataka kueleza jambo moja: hiyo tu- yetu inatoka wapi, na nani anahesabiwa ndani yake, wakati hakuna bado ushindi wowote wa kujivunia.

Swali hili ni la sarufi kabla ya kuwa la mpira. Katika Kiswahili, jina la timu linaweza kuongoza viambishi vitatu tofauti. Tunasema "Mazembe ilishinda", kama tunavyosema nyumba ilijengwa. Tunasema "Mazembe walishinda", kwa kuwa timu ni watu. Na shabiki husema "Shiye Mazembe tulishinda". Sentensi zote tatu zinaeleweka, na matokeo ya mchezo ni yale yale. Kinachobadilika ni mahali anaposimama msemaji.

Kwa wasomaji waliotoka mbali na Katanga, nikumbushe mambo mawili. Wa- ya vitabu ni ba- katika Kiswahili cha mji wetu, hivyo walishinda ni "balishinda". Na sisi ni "shiye". Tena, neno shabiki tumelipokea kutoka Tanzania na Kenya. Mjini tunasema ba-supporter, yaani neno la Kifaransa lililovikwa kiambishi chetu. Nitaandika shabiki ili nisomwe Bukavu na Dar es Salaam pia.

I-: timu kama nyumba

Tuanze na i-. Huyu ni upatanisho wa mwandishi wa habari. Magazeti ya Tanzania yanaupenda sana: Simba yashinda, Yanga yaichapa fulani. Timu inakuwa kitu kimoja, chenye jina, rangi na kabati la makombe. Msemaji yuko nje, anatazama.

Lakini i- ina kazi nyingine ambayo shabiki anaihitaji mwanzoni mwa msimu. Inabeba mambo yanayobaki wakati watu wanaondoka. Timu yetu ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenediktini waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges, kisha likawa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi. Sifa ya "Tout Puissant" iliongezwa baada ya timu kuchukua ubingwa wa 1966 bila kufungwa hata mchezo mmoja. Ilikuwa bado Englebert ilipotwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Ilipochukua kombe la Afrika la washindi wa makombe mwaka 1980, ilikwisha kuwa Mazembe.

Majina manne, na waliocheza mwaka 1967 wengi wetu hatukuwaona hata mara moja. Hata hivyo tunasema "tuna makombe matano ya mabingwa", tukihesabu yale mawili ya Englebert pamoja na ya 2009, 2010 na 2015. Bila i- inayovuka majina na vizazi, hesabu hiyo isingewezekana.

Wa-: watu wanaopita

Mwanzo wa msimu ni wakati wa wa-. Wanaondoka, wanaletwa, wanajaribiwa, wanarudishwa. Katika wiki hizo simu zetu zinajaa orodha za majina, nusu ya kweli na nusu ya uongo. Mchezaji ambaye mwezi wa tano tulimwimba, mwezi wa tisa anavaa rangi nyingine, na sisi tunajifunza kutamka jina la aliyekuja mahali pake.

Mfano mzuri ni Mbwana Samatta. Alikuja mwaka 2011 kutoka Simba ya Dar es Salaam. Akawa wetu, na lugha haikumpa taabu, ingawa Kiswahili chake na chetu vilichekana kidogo. Mwaka 2015 alichukua nasi ubingwa wa Afrika. Mwezi wa kwanza wa 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani, na mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji. Kwa mwezi mmoja, kitenzi kilibadilika mara mbili: "tumepata tuzo", halafu "ameenda".

Au tazama upande wa Zambia, jirani yetu wa Kasumbalesa. Tarehe 12 mwezi wa pili 2012, huko Libreville, Zambia ilichukua Kombe la Afrika kwa penalti mbele ya Côte d'Ivoire. Penalti ya mwisho ilipigwa na Stopila Sunzu, na katika timu ile alikuwemo pia Rainford Kalaba. Wote wawili walikuwa wachezaji wa Mazembe. Kongo haikuwepo katika mashindano hayo. Lakini katika mtaa wetu, Kamalondo, watu wazima walisema "tulichukua kombe". Wa- ya taifa lingine iligeuka tu- kwa sababu ya jezi nyeusi na nyeupe.

Kwa hiyo tu- ya shabiki haiwezi kuwa jumla ya wachezaji. Wachezaji wanapita, wakati mwingine haraka kuliko mvua za mwezi wa kumi. Kama "sisi" ingekuwa wao, kila mwezi wa nane tungebaki bila "sisi".

Tu-: kabla na baada

Kuna utafiti maarufu unaogusa jambo hili. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha uchunguzi waliofanya katika vyuo vikuu vya Marekani, juu ya mpira wa kimarekani. Kwanza walihesabu nguo. Waliona kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina au alama ya chuo kuliko baada ya kushindwa. Halafu waliwapigia wanafunzi simu na kuwaomba waeleze mchezo ulivyokwisha. Timu iliposhinda, wanafunzi walielekea kusema "sisi". Iliposhindwa, "sisi" ilipungua. Watafiti walieleza kwamba mtu anapenda kuota jua la utukufu wa mwingine, hata kama yeye mwenyewe hakugusa mpira.

Sisi wenye Kiswahili tunaweza kuliona jambo hilo ndani ya neno moja. Mchezo ukiisha vibaya, mmoja husema "balitupiga", mwingine "balibapiga". Silabi moja tu imebadilika, ile ya mtendwa. Wa kwanza amepigwa pamoja na timu. Wa pili amekwisha kutoka uwanjani, akaacha wengine wapigwe.

Hata hivyo uchunguzi ule ulipima siku baada ya mchezo. Haukupima mwezi wa nane wetu, wakati hakuna matokeo. Hapo tu- haina jua la kuota. Anayesema "tutabapiga" hajapata kitu, anaweka rehani. Anajifunga kwa -ta- kabla hajajua kama mwezi wa tisa utamwaibisha. Kwa maoni yangu, hii ndiyo tofauti kati ya shabiki na mtu anayependa ushindi: mpenda ushindi anapata tu- yake mwisho wa mchezo, shabiki analeta yake mwanzoni, na anabaki nayo hata deni likidaiwa.

Ushahidi wangu ni fainali ya Abu Dhabi. Mwezi wa kumi na mbili 2010, katika Kombe la Dunia la vilabu, Mazembe iliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya mashindano hayo. Tarehe 18 Inter ya Milano ilitufunga 3-0. Ukiuliza leo mtu yeyote wa Kamalondo, hatakwambia "balibapiga tatu". Atakwambia "tulifika fainali", halafu, bila kuulizwa, ataongeza "balitupiga tatu". Huenda atakuonyesha pia jinsi kipa wetu Robert Kidiaba alivyokuwa akiruka kwa makalio kila bao lilipoingia. Tu- imebaki upande wa mtenda na upande wa mtendwa pia.

Yenu: sisi isiyo ya wote

Kiswahili kina upungufu mmoja hapa, au labda ni ujanja. Lugha nyingine zina "sisi" mbili. Kimalei kinatofautisha kita, sisi pamoja na wewe ninayesema nawe, na kami, sisi bila wewe. Kwetu tu- ni moja. Msikilizaji ndiye anayepaswa kujua kama amo au hamo.

Nyumbani kwetu jambo hilo ni la kila siku. Papa alifanya kazi ya reli hadi alipostaafu, na kama wafanyakazi wengi wa reli yeye ni wa Saint-Éloi Lupopo, timu inayoitwa ya "cheminots", njano na buluu. Mimi na kaka yangu ni Mazembe. Mbele ya sahani moja ya bukari, "shiye" inabadilika maana mara tatu kabla maji ya kunawa hayajapoa. "Shiye tutakula saa ngapi?" ni ya wote. "Shiye tulinunua mshambuliaji" si ya Papa. Naye hujibu kwa kimilikishi: "Mazembe yenu inanunua kila mwaka." Ndani ya hiyo -enu kuna mpaka wa derby nzima.

Kwa nini mpaka huu unastahili makala katika jarida la lugha? Kwa sababu katika mkoa wetu "sisi" na "wao" hayajawa daima maneno ya mchezo. Mnamo 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa, walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi. Walilala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Papa alikuwa kijana katika reli wakati huo, na aliwaona. Ndiyo sababu anatuambia: katika mpira semeni "bo" hata mara mia, mkitoka uwanjani, mtajeni mtu kwa jina lake.

Nimefikiri sana juu ya agizo hilo, na naliona kuwa la sarufi pia. "Bo" inakusanya watu wasiokusanyika wenyewe. Hakuna aliyejichagulia kuwa ndani yake. Tu- ya shabiki inajengwa kinyume: anaingia anayeisema. Mtanzania aliingia, Mzambia aliingia, Mluba wa Kasai anayeuza vipuri karibu na uwanja anaingia kila Jumapili, na hakuna anayemwuliza babu yake alizikwa wapi. Sisemi kwamba ni tu- safi. Kwenye derby nimeona mawe yakirushwa na watu waliokuwa wakisema "shiye" kwa furaha saa moja kabla. Tu- iliyo wazi kwa anayeingia inaweza kumfungia mlango aliye upande wa pili. Ndiyo maana ni lazima tuisikilize tunapoitamka.

Zoezi kwa wenzangu

Msimu huu nawapendekezea wanafunzi wenzangu, hasa wale wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa mwaka, zoezi jepesi. Chukueni daftari. Kabla ya mchezo wa kwanza, andikeni vitenzi mnavyosikia: i- ngapi, ba- ngapi, tu- ngapi, na katika wakati gani. Rudieni Jumatatu baada ya ushindi wa kwanza, na Jumatatu baada ya kipigo cha kwanza. Angalieni mtenda, lakini angalieni zaidi mtendwa, kwa kuwa hapo watu hujificha. Andikeni pia anayesema ni nani na anasema na nani, maana tu- ya mbele ya rafiki si tu- ya mbele ya baba.

Mtapata namba zenu, nami nitafurahi kuzisoma. Kwa upande wangu nimekwisha kusema "tutabapiga" mbele ya mashahidi, na Papa ameandika tarehe.