Mvua Imekatika, Wadogo Zako Wako Wapi?

Hebu vuta picha. Shule zimefungwa kwa likizo fupi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na nguo zilizofuliwa juzi bado mbichi. Mama kaenda sokoni, baba yuko kazini, na wewe umeachiwa wadogo wawili. Unafungua kitabu cha Baiolojia. Dakika kumi hazijaisha: "Dada, tutoke nje?" Hapana. "Tutoke kidogo tu?" Nimesema hapana! Mara mvua inakatika na nyumba inakuwa kimya. Unasoma kurasa tatu bila bughudha, halafu unashtuka. Wako wapi?

Mimi yalinikuta nikiwa kidato cha tatu. Mdogo wangu wa miaka sita nilimkuta kwenye shimo lililochimbwa mchanga wa kujengea, limejaa maji ya mvua. Alikuwa amechutama ukingoni, anavuta mpira kwa kijiti. Sikumchapa, magoti yangu yalikuwa yanatetemeka. Nilipomuuliza kafuata nini kule, alijibu: "Nyumbani hakuna cha kufanya." Na kweli hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimempa makatazo tu.

Na wewe kaka, usigeuze ukurasa. Kuangalia wadogo si kazi ya dada peke yake.

Maji yenye hila

Masika, yaani mvua za Machi hadi Mei, ni majira mazuri. Kila kitu kinachipua, na watoto wanataka kuwa nje. Tatizo ni kwamba mtoto asiye na mchezo huutafuta mwenyewe, na wakati wa mvua mchezo ulio karibu ni maji. Maji hayo yana hatari tatu.

Kwanza, kuzama. Shimo la mchanga, mtaro au mto uliofurika hauonyeshi kina chake. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele; anazama kimya kimya. Kwa mtoto mdogo kabisa, hata ndoo ya maji uani inatosha.

Pili, kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi, visionekane kwa macho, na hupenya ngozi ya anayeoga au kucheza katika dimbwi, ziwa au mto. Mtoto akikojoa damu, mpelekeni kituo cha afya. Dawa ipo. Lakini akirudi kwenye maji yale yale, ataupata tena.

Tatu, uchafu. Maji ya mafuriko hupitia vyooni, kwa hiyo yanaweza kubeba kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara.

Sasa ufanyeje? Kumfungia ndani siku nzima hutaweza. Mpe kazi inayomfurahisha zaidi ya dimbwi. Jaribu hizi nne.

1. Kuhesabu radi

Huu ni wa ndani, mvua ikiwa inanyesha. Kaeni mbali na madirisha. Mkiona mwanga wa radi, anzeni kuhesabu sekunde mpaka msikie ngurumo, kisha gawanyeni kwa 3. Jibu ni umbali wa radi kwa kilomita. Sekunde 6 ni kilomita 2. Siri yake ni hii: mwanga hufika papo hapo, lakini sauti husafiri kama mita 340 tu kwa sekunde. Wafundishe pia sheria: ukisikia ngurumo, uwanjani hapafai, wala chini ya mwembe. Mnatoka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

2. Kopo la mvua

Tafuta kopo lililonyooka, lenye upana ule ule chini na juu, kama la maziwa ya unga. Liwekeni mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kila siku saa 3 asubuhi, muda ambao vituo vya hali ya hewa hupima mvua, chovyeni rula, mwandike milimita kwenye daftari, kisha mwageni maji. Halafu wapigishe hesabu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita moja ya mraba. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 10, hizo ni lita 400, yaani ndoo 20 kubwa! Wataona wenyewe kwa nini watu hukinga maji.

3. Msako wa viluwiluwi

Chagueni siku moja kila wiki. Vaeni viatu, mzunguke nyumba mkitafuta vifuu, makopo, matairi na vyombo vyenye maji yaliyotuama. Kila chombo kilichomwagwa, pointi moja. Chenye viluwiluwi vya mbu, pointi tatu. Kugeuza matairi na mabati ni kazi yako wewe mkubwa, maana nyoka na nge hujificha humo. Kwa nini kila wiki? Kwa sababu yai la mbu huchukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka. Ukimwaga kabla, umemkatiza safari. Mbu wa dengi hupenda sana vyombo hivyo. Wa malaria hupendelea madimbwi, kwa hiyo vishimo vya uani vifukieni, na chandarua usiku kiko pale pale. Mkimaliza, nawaneni kwa sabuni.

4. Shamba la kiroba

Toboa kiroba cha zamani chini ili maji yasituame, jaza udongo na mbolea ya samadi iliyooza, kisha kila mtoto apande mchicha wake na kuuwekea jina. Mbegu zifunikwe kwa udongo kidogo sana. Huchipua ndani ya wiki moja hivi, na baada ya wiki tatu au nne unaweza kuingia chunguni. Mtoto anayekataa mboga hakatai aliyoipanda mwenyewe.

Akitumbukia

Pamoja na yote hayo, ajali hutokea. Usijirushe majini, wengi wamekufa wakijaribu kuokoa. Piga kelele upate watu. Lala kifudifudi ukingoni umnyooshee mti mrefu au kanga, au mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko. Akitoka, angalia kama anapumua. Kama hapumui, aliyejifunza huduma ya kwanza ampulizie pumzi na kumkandamiza kifua mara moja. Msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Yule mdogo wangu ndiye aliyekuwa msimamizi wa kopo letu la mvua masika yote. Saa 3 kasoro alikuwa ananiamsha: "Dada, rula iko wapi?" Usingizi wangu uliharibika, lakini sikuwa tena na haja ya kuuliza yeye yuko wapi.