Faili Husimama, Familia Haisimami

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mzazi, na watoto wake wanasoma katika kambi ileile. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Kutoka ni kwa kibali. Kwa hiyo hana shamba la maana, hana ajira, na sufuria yake inategemea mgao. Mgao wenyewe, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililazimika kuupunguza hadi nusu mwezi Juni 2023 kwa kukosa fedha. Mpango wa kuwapa watu fedha taslimu wajinunulie chakula ulikuwa umekwisha kusimamishwa na serikali mwaka 2017. Kuni akina mama huzifuata porini, na wako waliopigwa na kubakwa huko.

Haya yamesemwa mara nyingi, na yanastahili kusemwa tena. Lakini liko jambo ambalo mgeni anayeitembelea kambi kwa siku moja halioni: namna utaratibu wa kuhamia nchi ya tatu, ambao ndio tumaini la wengi, unavyoweza kuitenganisha familia ambayo vita vilishindwa kuitenganisha.

Mkimbizi ana njia tatu za kuacha kuwa mkimbizi. Ya kwanza ni kurudi kwao. Kwa mtu wa Fizi au Uvira, huko Kivu Kusini ambako bunduki hazijanyamaza, hiyo bado ni njia ya hatari. Ya pili ni kupewa uraia pale alipo. Tanzania ilifanya hivyo kwa ukarimu mkubwa, ilipowapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Wakongo wa Nyarugusu hawamo katika hesabu hiyo. Inabaki ya tatu, ya kuhamishiwa Marekani, Kanada, Australia au Ulaya, ambayo kwa kawaida huwafikia chini ya asilimia moja ya wakimbizi wote duniani kwa mwaka.

Mkimbizi haombi nafasi hiyo kama mtu anavyoomba viza. Kwa sehemu kubwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, ndilo linalochagua na kupendekeza, kwa kuangalia nani yuko hatarini zaidi: mjane, mgonjwa, aliyeteswa, mtoto asiye na mlezi. Kwa kesi za Marekani, baada ya hapo huja usaili wa kwanza, ambamo historia na ukoo mzima huandikwa, halafu usaili wa ofisa wa uhamiaji wa Marekani, halafu alama za vidole na uchunguzi wa usalama, halafu vipimo vya afya, halafu mafunzo ya maisha ya huko, ndipo tiketi. Kila hatua ina muda wake wa kuisha. Vipimo vya afya kwa kawaida havizidi miezi sita. Ili familia ipande ndege, karatasi zote za watu wote zinatakiwa ziwe hai siku moja.

Na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu faili liliandikwa siku ya usaili likasimama, na watu hawakusimama. Wanazaa, wanaoa, wanaugua, wanazika.

Nimewaandaa watu wengi kwa usaili huo, na swali linaloonekana jepesi kuliko yote ndilo linalowatoa jasho: una watoto wangapi? Mama ana sita nyumbani. Wanne amewazaa. Wawili ni wa dada yake aliyeuawa; amewabeba mgongoni tangu hawajaota meno, na wenyewe hawamjui mama mwingine. Akisema sita bila kufafanua, kisha ikabainika baadaye, ataandikwa kuwa amedanganya. Akisema wanne, wale wawili hawamo katika kesi. Huyu mama hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Amejibu kama kila mtu wa ukanda wetu anavyojibu. Lakini mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango mmoja wa kuunganisha familia baada ya vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba wengi waliodai undugu hawakuwa ndugu wa damu kama walivyoandikwa. Wadanganyifu walikuwamo, hilo halina ubishi. Walikuwamo pia walezi wa yatima. Mpango huo ulifunguliwa tena mwaka 2012, na vipimo vikawa sharti kwa mzazi na mtoto. Hadi leo ushauri wangu ni uleule: taja kila mtu, sema ukweli wa kila mmoja, na mwombe ofisa aandike kwamba mtoto huyu unamlea. Kuna utaratibu maalumu wa kupima maslahi ya mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake. Ni wa polepole, lakini upo.

Mwenye wake wawili naye ana mtihani wake. Sheria ya Marekani inamtambua mke mmoja tu, hivyo wa pili hufunguliwa kesi yake pamoja na watoto wake. Kesi mbili zikishaachana, hakuna anayeweza kuahidi kwamba zitafika pamoja.

Kisha ni kifua kikuu. Mtu mmoja akionekana na dalili, makohozi yake huoteshwa maabara kwa takriban wiki nane. Akikutwa na ugonjwa huo, anatibiwa miezi sita au zaidi, na familia yote inamsubiri. Anapopona, vipimo vya wengine vimeisha muda. Wanapimwa upya, katikati mama anajifungua, na kichanga nacho kinahitaji kuandikishwa na kupimwa. Wakati huohuo binti mkubwa amefikisha miaka ishirini na anachumbiwa. Wazazi wengi humwambia afiche. Nawaelewa, lakini ndoa iliyofichwa ikigunduliwa inaisimamisha kesi nzima, na isipogunduliwa, mume anabaki kambini akiwa hajulikani popote.

Mwaka wa bajeti wa Marekani ulioisha Septemba 2024, Wakongo karibu 20,000 walipokewa huko, wengi kuliko wakimbizi wa taifa lolote lingine. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 kikomo kikawekwa kuwa watu 7,500, cha chini kabisa tangu sheria ya wakimbizi ya nchi hiyo ya mwaka 1980, na kipaumbele wakapewa Wazungu wa Afrika Kusini. Waliofutiwa safari walikuwa wametimiza kila sharti waliloambiwa. Kuwafungia mlango wakiwa wameshika tiketi ni dhuluma, na sioni neno laini zaidi la kuliita jambo hilo.

Waliotangulia kufika Marekani, Louisville au Houston au Boise, hawajamaliza safari. Nauli ya ndege ni mkopo usio na riba, nao huanza kulipwa baada ya miezi michache. Msaada wa kwanza wa mapokezi ulikuwa wa siku 90. Baada ya hapo kodi ya nyumba haimngojei mtu ajue Kiingereza. Mama anashika zamu ya usiku katika kiwanda cha kuku, na mshahara wake unagawanywa: kodi, mkopo wa nauli, na fedha za kumtumia mwanawe aliyebaki Nyarugusu kwa kuwa alikuwa ameoa.

Kwa mwenza na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, walio chini ya miaka 21, sheria ya Marekani inampa aliyefika haki ya kuomba wamfuate. Fomu yake inaitwa I-730, haina ada, na inatakiwa kuwasilishwa ndani ya miaka miwili tangu siku aliyoingia. Wengi huipoteza haki hiyo kwa kungoja kwanza wapate kazi nzuri au nyumba kubwa. Sharti la kazi wala nyumba halimo. Kinachotazamwa ni kama ndoa ilikuwapo kabla ya safari, na kama mtoto alikwisha kuzaliwa au kutungwa mimba. Jina ambalo halikutajwa kwenye usaili wa kambini halifuti ombi moja kwa moja, ila mwombaji atalazimika kueleza kwa nini hakulitaja, na kuleta vyeti, picha na mashahidi wa kambini, ambao kila mwaka unaopita wanazidi kuwa vigumu kupatikana.